Busti haifiki, namba za daino hazieleweki: kutafuta tatizo kwenye Subaru ya turbo

Busti ni presha ya hewa ambayo turbo huisukuma kwenye injini, na daino ni mashine ya kupima nguvu ya gari. Magari yanayozungumziwa hapa ni Subaru zenye injini za EJ20 na EJ25 za turbo, yaani Impreza WRX na STI, Forester na Legacy GT zilizotoka Japan zikiwa zimetumika. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi kimetangulia, na kipimo kisicho na gharama kinakuja kabla ya kile cha kufungua injini. Fuata mpangilio huo. Anayeruka hatua huishia kununua turbo nzima kumbe kilichopasuka ni mpira wa bei ya soda.

Kabla ya dalili: busti ya kwako ni ya wapi?

Fundi atataja psi, geji ya Kijapani itaandika ×100 kPa, na mwenzako atasema bar. Bar 1 ni kPa 100, ni psi 14.5, na hapo hakuna mgogoro. Mgogoro uko kwenye mwinuko.

Geji ya busti huonyesha presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Dar es Salaam na Mombasa hewa ya nje ina takriban bar 1.01. Arusha ni kama 0.86, Nairobi 0.83, Eldoret 0.79. Kwa hiyo geji ikisoma 1.0, injini ya Mombasa inalishwa bar 2.01 na ya Nairobi inalishwa 1.83, ingawa mshale umesimama palepale. Turbo ya Mombasa imekandamiza hewa mara 2.0, ya Nairobi imeikandamiza mara 2.2, yaani imefanya kazi kubwa zaidi kwa matokeo madogo zaidi. Ukitaka Nairobi ipate kile cha Mombasa, geji lazima isome 1.18 na turbo ikandamize mara 2.4. Turbo ndogo ya aina ya TD04 iliyo kwenye WRX na Forester nyingi haiwezi kushikilia hapo kwenye mizunguko ya juu. Inachoongeza ni joto.

Viwango vinavyokubalika kwa petroli ya kituoni, ekzosi iliyofunguliwa na tyuni (mpangilio wa kompyuta ya injini) ya mtu anayejua kazi yake: TD04 pwani, kilele cha bar 1.1 kwenye mizunguko 3,000 hadi 3,500 kwa dakika, kikishuka taratibu hadi 0.85 au 0.9 kwenye 6,500. Nairobi, kilele cha 1.0 na mwisho wa karibu 0.7. Turbo kubwa zaidi za STI hubeba 1.2 hadi 1.3 pwani. Anayekuahidi 1.4 kwenye TD04 anauza kelele.

Busti haifiki ilipokuwa inafika

Kama gari lilikuwa pwani na sasa liko bara, anzia hapo. Ndani ya kompyuta ya Subaru kuna jedwali linalopunguza lengo la busti kadiri hewa ya nje inavyopungua, ili turbo isizungushwe kupita kiasi. Hiyo si hitilafu. Soma lengo na busti halisi kwa kifaa cha kuunganisha na kompyuta. Zikifuatana, gari ni zima.

Zisipofuatana, chanzo cha kwanza ni hewa inayovuja kati ya turbo na injini. Kagua kwa macho na mkono, injini ikiwa baridi: mpira unaounganisha intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) na mdomo wa throtoli, mpira wa chini unaokaa juu ya turbo, na valvu ya kuachia hewa iliyofungwa ubavuni mwa intakula. Kwenye intakula ya juu ya Subaru, matangi ya plastiki hubanwa kwenye alumini kwa meno ya chuma, na meno hayo huachia kwa joto la miaka. Alama yake ni utepe wa oili na vumbi kwenye kiungo. Penye oili hapo, hewa inatoka.

Jicho lisipoona, pima kwa presha. Toa paipu ya hewa baada ya sensa ya hewa, ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko cha PVC chenye valvu ya tairi, kaza klipu, kisha ingiza hewa ya kompresa taratibu. Chomoa na uzibe kwanza mipira ya kupumulia ya injini, la sivyo presha itaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kusukuma sili za kranki nje. Anza na bar 0.3, nyunyiza maji ya sabuni kila kiungo, sikiliza, kisha panda hadi 0.8. Usivuke busti ambayo gari hutumia, na usiweke uso mbele ya kifuniko: kikiruka kinavunja meno.

Chanzo cha pili ni mipira myembamba ya kuongoza westigeti, yaani mlango unaopitisha moshi kando ya turbo ili busti isizidi. Mfumo wa Subaru una kipande kidogo chenye tundu la takriban milimita moja ndani ya mpira unaotoka kwenye turbo. Fundi akibadilisha mipira akatupa ule wa zamani na kipande kikiwa ndani, solenoidi (valvu ya umeme inayoamriwa na kompyuta) haiwezi tena kumwaga hewa ya kutosha, westigeti hufunguka mapema na busti hukwama karibu 0.5 au 0.6. Dalili hii hujitokeza siku ileile mipira mipya ya silikoni inapofungwa, na mwenye gari hulaumu kila kitu isipokuwa mipira yake mizuri ya rangi ya bluu.

Busti ikikaa 0.5 kwa uthabiti bila kujali unakanyagaje, hiyo ni nguvu ya springi ya westigeti peke yake. Angalia plagi ya umeme ya solenoidi, kisha solenoidi yenyewe: ipewe volti 12 kwa sekunde moja, isikike ikibonyea.

Mbali zaidi na hapo: gasketi ya paipu inayopeleka moshi kwenye turbo ikiungua, moshi hutoroka kabla ya kuzungusha turbo. Utasikia mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, na masizi meusi yatakuwa yamepaka kwenye kiungo. Halafu kichujio cha ekzosi kilichoziba, ambacho huifanya gari iwe nzito kwenye mizunguko ya juu na turbo kuwa nyekundu isivyo kawaida. Mwisho kabisa ndiyo turbo iliyochakaa.

Simama uite fundi wa turbo ukiona mabapa ya kompresa yamekatika, au hata kipande kimoja cha chuma kwenye mpira wa intakula. Usiwashe tena. Kipande hicho kinaelekea kwenye silinda.

Busti inafika, kisha inashuka kabla ya mstari mwekundu

Mara nyingi hakuna cha kutengeneza. TD04 huishiwa pumzi juu, na mtyunaji mwenye busara huishusha kwa makusudi. Grafu ya 1.1 inayoisha na 0.85 ni nzuri kuliko mstari ulionyooka wa 1.1 unaosukuma hewa ya nyuzi 70.

Ikishuka ghafla, kwa mfano kutoka 1.0 hadi 0.5 ndani ya mizunguko 800, kagua ufito wa westigeti. Injini ikiwa imezimwa na turbo imepoa, ufito unapaswa kuwa umevutwa kidogo kabla ya kuvishwa kwenye mkono wa westigeti. Ukiingia wenyewe bila kuvutwa, springi imechoka au ufito ni mrefu mno. Ufupishe kwa nati nusu mzunguko kwa wakati, pima upya, na usipite mizunguko miwili. Kuukaza ufito ili kutafuta busti zaidi ni njia ya mkato ya kulipua injini, kwa sababu kompyuta haijui kwamba umegusa kitu.

Busti inaruka juu, gari linakatika ghafla kama limepigwa breki

Kukatika huko ni kinga: kompyuta imeona busti imezidi, ikafunga petroli. Usiombe mtu akuzimie kinga hiyo. Tafuta sababu.

Ya kwanza, mpira wa westigeti umechomoka, umepasuka au umebanwa. Ya pili, kile kipande chenye tundu kimeziba kwa uchafu au kimewekwa chenye tundu dogo mno. Ya tatu, kidhibiti cha busti cha mkono kimefungwa juu ya mfumo wa kompyuta bila kuzima ule wa mwanzo, vinagombana. Ya nne hutokea kwa waliofunga ekzosi ya inchi 3 tangu kwenye turbo: moshi unapita kwa urahisi mno, tundu la westigeti ni dogo, na busti inatambaa juu polepole hadi mstari mwekundu.

Kutenganisha hizi ni rahisi. Unganisha mpira mmoja moja kwa moja kutoka kwenye turbo hadi westigeti, pita solenoidi kando, kisha pima gia ya tatu. Busti ikikaa karibu 0.5, westigeti ni nzima na tatizo liko kwenye udhibiti. Ikianzia 0.5 na kutambaa hadi 0.9, tatizo ni la moshi, na dawa ni kupanua tundu la westigeti. Kazi hiyo ni ya karakana ya turbo, si ya grainda ya uani. Kumbuka kupima asubuhi ya baridi, si mchana: hewa baridi ni nzito, na kutambaa huonekana zaidi nyakati hizo. Gari lililotyuniwa mchana wa Machi hukatika asubuhi ya Julai.

Injini inagonga kwenye busti, au nguvu inapotea baada ya dakika chache

Neno kwanza. Fundi akisema injini "imenoki" kwa kawaida ana maana ya beringi za konrodi zilizokufa. Hapa kinachozungumziwa ni petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujamaliza kazi. Husikika kama kokoto kwenye mkebe, na kwenye injini ya boksa kama hizi, ambayo silinda zake zimelala pande mbili, mara nyingi haisikiki kabisa. Isome kwenye kompyuta: ikiwa inarudisha nyuma muda wa cheche kila unapokanyaga, injini inagonga, hata kama masikio yako yanasema salama.

Chanzo kikuu ni petroli. Gari la Japan lilitengenezewa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chake cha chini kabisa ni oktani 96 na vituoni huwa karibu na 100. Tyuni ya Kijapani iliyobaki ndani ya kompyuta inategemea hiyo. Tia petroli ya oktani ya juu kabisa inayopatikana kwako, jaza tangi mara mbili mfululizo, kisha soma tena. Kugonga kukipungua, umepata jibu: tyuni ifanywe kwa petroli unayonunua kila siku, si kwa ile uliyonunua kwa ajili ya siku ya daino.

La pili ni chujio la koni. Sensa ya hewa ya Subaru huhesabu hewa kwa kipenyo cha kikasha chake. Ukibadilisha kikasha au hata jinsi hewa inavyozunguka kabla ya sensa, hesabu inapotoka, na mara nyingi hupotoka upande wa petroli kidogo. Rudisha boksi la kiwandani upime. Wengi hugundua kwamba nguvu imerudi pamoja na boksi.

La tatu ni joto la intakula ya juu. Foleni ya nusu saa huiacha ikiwa ya moto kama jiko, na mikimbio (majaribio ya kukanyaga hadi mwisho) miwili ya kwanza baada ya foleni haina maana yoyote kwa kipimo. La nne ni oili inayoingia na hewa kupitia valvu ya kupumulia iliyochoka. Oili hushusha oktani. La tano ni pampu ya petroli iliyozeeka.

Kwenye busti kamili, injini hizi zinataka mchanganyiko wa hewa 11.0 hadi 11.5 kwa petroli 1. Ukiona 12.5 kwenye busti kamili, ondoa mguu. Sensa ya oksijeni ya kiwandani haikutengenezwa kukupa namba hiyo kwa usahihi. Funga ile ya wigo mpana.

Toa plagi uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Nukta ndogo za kung'aa kama pilipili ya chuma juu ya kauri ni alumini ya pistoni yako. Plagi ziwe hatua moja ya baridi zaidi ukipandisha busti (kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi, kutoka 6 kwenda 7), na mwanya uwe karibu milimita 0.7.

Simama hapa: nukta za alumini, oili inayotapika kwenye paipu ya kupumulia, au silinda moja yenye kompresheni ya chini. Pistoni za kiwandani nyingi katika injini hizi ni za kumiminwa, na kingo kati ya ringi huvunjika kwa kugonga vibaya mara moja tu. Ukipima kompresheni, linganisha silinda kwa silinda, si na namba ya kitabu. Kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na Nairobi injini nzima kabisa itasoma chini yake. Tofauti ya zaidi ya asilimia 15 kati ya silinda ni kazi ya mtu wa injini, na hakuna tyuni inayoiponya.

Moshi wa bluu, turbo inalia kama king'ora

Zungusha shafti ya turbo kwa kidole. Kucheza kidogo pembeni ikiwa haina oili ni kawaida; kucheza mbele na nyuma, hata kidogo, si kawaida. Mabapa yakigusa kikasha, turbo imekwisha. Kabla ya kufunga nyingine, tafuta kwa nini ilikufa: baadhi ya injini zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo, na kikiziba, turbo mpya itakufa kama ya zamani. Badilisha oili na kagua sampu pia.

Daino imetoa namba isiyoaminika

Hapa ndipo hela nyingi hupotea bila kitu chochote kuharibika.

Chanzo cha kwanza cha namba ya ajabu ni marekebisho ya hali ya hewa. Programu ya daino huchukua kile ilichopima na kukizidisha ili kifanane na kipimo cha usawa wa bahari. Kanuni ya SAE J1349 hulenga hewa kavu ya kPa 99 na nyuzi 25. Kwa injini isiyo na turbo inafaa. Iweke Nairobi, ambako hewa kavu ni kama kPa 81.5, kwenye nyuzi 22, na kizidisho kinatoka takriban 1.25. Gari lililosukuma 200 kwenye magurudumu linachapishiwa 249. Lakini turbo yako tayari imefidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma zaidi, kwa hiyo umefidiwa mara mbili. Kanuni yenyewe haikutungwa kwa marekebisho makubwa kiasi hicho.

Kwa hiyo tazama kona ya karatasi. Ikiandika STD, kanuni nyingine ya marekebisho, badala ya SAE, ongeza takriban asilimia 4 nyingine ya hewa tupu. DIN nayo ina viwango vyake. Omba karatasi isiyorekebishwa, yenye joto na presha ya chumba vimeandikwa. Mwendeshaji wa kweli ataitoa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Chanzo cha pili: namba ya kranki (nguvu ya injini yenyewe, kabla ya kufika magurudumuni) iliyopatikana kwa kuongeza asilimia ya upotevu. Gari la magurudumu manne hupoteza nguvu njiani, ndiyo, lakini ile asilimia 25 au 30 imechapwa na mtu kwa kidole chake. Linganisha magurudumu na magurudumu.

Cha tatu ni kipima-joto cha chumba kilichowekwa vibaya. Kikikaa karibu na rejeta, programu huamini chumba ni cha nyuzi 45 na kuongeza nguvu isiyokuwepo. Kitafute kwa macho kabla ya kukimbiza. Baada ya hapo angalia gia (tumia ile iliyo karibu na uwiano wa 1:1, na ileile kabla na baada), presha ya tairi, mikanda ya kufungia gari iliyokazwa mkimbio mmoja na kulegezwa mwingine, feni ndogo isiyofika intakula, na ulainishaji wa grafu uliowekwa juu hadi ukaficha mtetemo wa kugonga.

Kipimo chako cha nyumbani ni injekta. Injini ya turbo hutumia takriban cc 6.2 za petroli kwa dakika kwa kila nguvu moja ya farasi kwenye kranki. Injekta nne za cc 440 zikifunguka asilimia 85 hutoa cc 1,496, ambazo zinatosha nguvu 241 hivi. Karatasi ikisema 320 kwenye magurudumu na injekta na presha ya petroli hazijabadilishwa, petroli ya tofauti hiyo haijatoka popote. Kipimo cha pili ni sensa ya hewa: kila gramu moja ya hewa kwa sekunde ni karibu nguvu 1.3 kwenye kranki. Gramu 180 ni nguvu 234, haidhuru mstari wa grafu umepanda kiasi gani. Na cha tatu, zidisha toki ya Nm kwa mizunguko, gawa kwa 7,120. Jibu lazima lilingane na nguvu iliyochorwa juu ya mizunguko hiyohiyo. Lisipolingana, grafu imeguswa au vipimo vimechanganywa.

Daino mbili tofauti zitatofautiana hata bila hila, kwa hiyo pima kabla na baada kwenye mashine moja, siku moja ikiwezekana, mikimbio mitatu mfululizo yenye dakika za kupoza kati yake. Mkimbio wa tatu ndio unaofanana na gari lako barabarani. Grafu iwe na busti na mchanganyiko wa hewa chini yake. Kama busti ya mkimbio bora ni 1.3 na gari linarudi nyumbani na 1.0, ulichapishiwa nguvu ya gari lingine.

Mwambie mwendeshaji akate mkimbio papo hapo mchanganyiko ukipita 12.0, kompyuta ikianza kurudisha muda wa cheche, au joto la maji likivuka nyuzi 105. Akikataa kwa sababu mkimbio uko karibu kuisha, zima gari mwenyewe.